Kabla hujauziwa amplifaya ya hedifoni, uliza om kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niseme jambo moja ambalo limenikaa rohoni sana, na najua si langu peke yangu juu kila nikipita maduka ya vifaa vya sauti hapa Nakuru naskia mjadala ni ule ule. Mtu amenunua hedifoni nzuri, alafu anaambiwa hio stereo yako ya nyumbani haiwezi kuisukuma, lazima utafute amplifaya ya hedifoni pekee yake, na anatoa pesa ambayo ilikuwa ya karo ama ya stoku ananunua kitu ambacho pengine hakukihitaji. Upande ule mwingine kuna wazee wenzangu wa stereo ambao wamekataa kabisa kuskia hio hadithi, wanasema mashine ya wati 50 kila upande itashindwaje na hedifoni, huo ni wizi mtupu. Mimi naona pande zote mbili zinabishana bila kuangalia nambari moja ambayo ndio inaamua maneno yote, na hio nambari ni om, yaani kipimo cha vile kifaa kinazuia umeme usipite.

Kwanza niseme kwa nini hii kitu ina maana kwa watu kama sisi. Wengi tunakaa ploti, ukuta ni mmoja na jirani, huyu ni nesi ametoka shifti ya usiku analala mchana, yule ana mtoto wa fomu foo anasoma, na wewe umetoka kazini saa mbili usiku unataka kuskiza rhumba ama benga yako ukiwa umetulia. Spika huwezi fungua. Hedifoni ndio inabaki. Na benga haiskizwi na kifaa kinachoharibu besi, kwa sababu besi ya benga haikai pale chini ikinguruma, inatembea, inapanda na kushuka, inajibizana na gita la solo, na ukiongezewa besi ambayo haikuwa kwa rekodi, yale majibizano yote yanamezwa unabaki na mdundo tu. Mtu amenunua hedifoni ya maana ndio askie hayo majibizano, sasa ni vibaya sana ayakose kwa sababu ya rezista mbili, vile vifaa vidogo vya kuzuia umeme, ambazo hakuna aliyemwambia ziko.

Rezista gani? Ngoja nieleze. Stereo nyingi tulizonazo huku ni za zamani, ex-UK ama zimetoka Japani, Pioneer, Sansui, Technics, Kenwood, Marantz, za miaka ya 1970 na 1980, chuma kizito, na pale mbele kuna tundu kubwa la milimita 6.3 limeandikwa PHONES. (Na kama yako imetengenezewa soko la Japani kwenyewe, ya volti 100, tafadhali usiichomeke kwa stima yetu ya volti 240 bila transfoma ya kushusha, nimeona mashine nzuri sana zikiungua siku ya kwanza hivo hivo.) Sasa watu wanadhani nyuma ya hilo tundu kuna amplifaya ndogo ya hedifoni. Kwa nyingi za zamani haiko. Waliozitengeneza walichukua umeme ule ule unaoenda kwa spika, wakaupitisha kwa rezista moja kila upande, ukatokea kwa tundu, basi. Ukichomoa stima, ukangoja kapasita (zile zinazohifadhi umeme ndani) ziishe chaji, ukafungua mfuniko na kufuata waya kutoka kwa tundu, mara nyingi utakuta rezista mbili ambazo ni nene kuliko wenzake, na ukisoma milia yake ni chungwa, chungwa, kahawia. Hio ni om 330. Zingine zina nyekundu, nyekundu, kahawia, ambayo ni om 220, ama manjano, zambarau, kahawia, ambayo ni om 470.

Na hawakufanya hivo kwa ujinga. Wakati huo hedifoni za om nyingi zilikuwa kitu cha kawaida, ile Sennheiser HD 414 ya mwaka wa 1968 ilikuwa na om 2000, sasa ukiweka rezista ya 330 mbele ya om 2000 hedifoni haijui hata kama iko. Tena hio rezista inalinda hedifoni isichomwe na umeme wa spika, na inapunguza mvumo wa mashine usiskike masikioni. Hata mwaka wa 1996 tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, IEC, kwa kile kiwango chao cha IEC 61938, ilipendekeza tundu la hedifoni liwe na om 120. Kwa hivyo hilo lilikuwa jambo la kukubalika kabisa.

Shida ni kwamba hedifoni zimebadilika na tundu halijabadilika. Sai simu na kompyuta zinatoa volti chache tu, kwa hivyo watengenezaji wameshusha om ili hedifoni zipige kwa sauti hata kwa simu. Audio-Technica ATH-M50x ina om 38. Sony MDR-7506 ambayo utaiona kwa stesheni nyingi za redio ina 63. Beyerdynamic DT 770 Pro inauzwa ya 32, ya 80 na ya 250, na hapa ndio watu wanaumia kwa sababu kwa macho ni hedifoni ile ile, mfanyabiashara anakupa ile iliyoko kwa rafu na haulizi utaitumia na nini. Sennheiser HD 600 ina 300, na DT 880 imewahi kuuzwa hadi ya 600.

Alafu kuna jambo ambalo halijaandikwa kwa boksi. Hizo om si nambari moja iliyosimama. Kwa hedifoni za koili (waya mdogo uliozungushwa, unaotembea ndani ya sumaku), hasa zile zilizo wazi nyuma, om zinapanda kwa besi. HD 600 wanasema 300 lakini pale kwa besi inafika karibu 500. Sasa umeme unaotoka kwa stereo unagawanywa kati ya rezista na hedifoni kulingana na om za kila mmoja, mwenye om nyingi anachukua fungu kubwa. Piga hesabu na mimi. Tuseme una hedifoni ya om 32 ambayo kwa besi inapanda hadi 60, na tundu ni la 330. Kwa sauti za katikati hedifoni inapata 32 kwa 362, karibu asilimia 9. Kwa besi inapata 60 kwa 390, zaidi ya asilimia 15. Ukiigeuza kwa desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, ni karibu 5 za besi ambazo aliyerekodi wimbo hakuziweka, na desibeli 5 si kidogo, ni kama mtu amekuja akazungusha kinobu cha besi akaenda zake. Chukua sasa HD 600 kwa tundu lilo hilo, ni 300 kwa 630 halafu 500 kwa 830, tofauti ni desibeli 2 peke yake, na kuna watu wengi wanapenda huo uzito kidogo, wanaona unaipa joto.

Tena sio wingi wa besi tu, ni namna inavyosimama. Koili ya hedifoni ikitembea ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, na kama kuna njia nyepesi ya huo umeme kurudi kwa amplifaya, unaishika koili inasimama mdundo ukiisha. Ukiweka om 330 njiani umefunga hio njia, koili inaendelea kucheza kidogo baada ya mdundo kuisha, ni kama boda boda anayeteremka kutoka Menengai akiwa ameweka free badala ya kuacha gia imshikilie. Ndio maana mafundi wa sauti wanasema om za tundu zisizidi sehemu moja ya nane ya om za hedifoni. Kwa hedifoni ya 32 hio ni om 4. Kwa ya 300 ni karibu 37. Si sheria ya serikali, ni kipimo cha kukaa salama, lakini ukikifuata hutajuta.

Sasa hii maneno ya "haiwezi kuisukuma". Nimesimama kwa duka moja, silitaji, nikaskia kijana wa kuuza akimwambia mteja, "Mzee, hio ni ya om 250, stereo yako ya kizamani haitaiweza, hapa ni amplifaya tu." Yule mzee akauliza, "Kijana wangu, na hii inatoa om ngapi?" Hakujibiwa, alionyeshwa taa ya bluu. Na kama stereo yake inaiweza ama haiiwezi, jibu angelipata hivi. Stereo ya wati 50 kwa spika ya om 8 inatoa volti 20. Pitisha hizo volti 20 kwa rezista ya 330 na hedifoni ya 250, hedifoni inapata karibu miliwati 300. Beyerdynamic wenyewe kwa DT 990 Pro ya om 250 wanasema miliwati 1 inatoa desibeli 96. Kila ukizidisha nguvu mara kumi unaongeza desibeli 10, kwa hivyo miliwati 300 ni karibu desibeli 120, sauti ya kuumiza masikio kabisa, hufai kujaribu kufika hapo. Stereo ya kizamani inaiweza vizuri sana! Tena hedifoni ya om nyingi ndio inafaana na hilo tundu kuliko zote. Aliyekuwa hawezi ni simu, si stereo, na hata simu yenye volti 1 inampa huyo DT 990 miliwati 4, yaani kama desibeli 102, ambayo kwa muziki mwingi inatosha, ni zile rekodi za sauti ya chini ndio utatamani zaidi.

Kwa hivyo kama una hedifoni ya om 250, 300 au 600 na stereo nzuri ya zamani nyumbani, weka pesa yako mfukoni. Safisha tundu tu. Na hili la kusafisha nalisema kwa uzito kwa sababu ndani ya hilo tundu, kwa mashine zingine, kuna swichi ndogo ya chuma ambayo inakata spika ukichomeka, na kwa mashine ya miaka 40 huwa imeshika kutu, upande mmoja unapotea au unakwaruza, na mtu anaambiwa amplifaya imekufa. Puliza dawa ya kusafisha kontakti, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, mara nyingi inarudi.

Lakini wazee wenzangu pia waniskize. Kama hedifoni yako ni ya koili na ni ya om 16 au 32, au ni zile ndogo za kuingia ndani ya sikio, stereo ya zamani haikufai vile ilivyo, hata kama ina wati 200. Zile za sikioni zenye spika nyingi ndogo ndogo ndani ndio mbaya zaidi, om zake zinaruka ruka, kwa masafa mengine zinashuka chini ya 10, na kwa tundu la 330 sauti inapinda hadi hutambui mwimbaji. Tena ziko rahisi mno kupiga, kwa hivyo kinobu cha sauti unakigusa tu pale mwanzo mwanzo, na hapo mwanzo ndipo kinobu cha zamani hakilingani kushoto na kulia, unaskia upande mmoja umezidi. Hapo amplifaya yenye om chache na swichi ya kupunguza nguvu inasaidia kweli, sio maneno ya duka.

Na hio amplifaya haifai kuwa ya bei. Hata adapta ndogo ya Apple ya USB-C inayouzwa dola 9 huko Marekani, ile ya kimarekani inatoa volti 1 na om zake ni karibu 1. Kwa hedifoni ya om 32 kutoka kwa simu, hio inashinda tundu la stereo ya zamani kwa usafi, na nasema hivyo nikiwa mpenzi wa stereo za zamani. Ukitaka ya mezani, JDS Labs walitoa Atom mwaka wa 2018 kwa dola 99, na kabla yake, mwaka wa 2011, mhandisi mmoja aliyejificha kwa jina la NwAvGuy aliachilia mchoro mzima wa amplifaya yake ya O2 bure, kila mtu ajitengenezee, om zake za kutokea, yaani za tundu lake, ni kama nusu om, na inaweza kutumia betri mbili za volti 9, kitu ambacho kwa namna stima inavyopotea huku kwetu ningetamani kila mtengenezaji angekikumbuka. Hio O2 iliwafundisha watu wengi kwamba usafi wa sauti hautoki kwa bei, unatoka kwa mchoro mzuri na vipimo.

Msidhani pia kwamba kikiandikwa ni amplifaya ya hedifoni basi om ni chache. Zile za valvu, yaani za balbu za kioo za kizamani, zisizo na transfoma ya kutokea huwa na om nyingi, na Beyerdynamic wenyewe waliwahi kuuza A1 yenye om 100, amplifaya ya hedifoni halisi, ya bei, kwa makusudi. Kwa hedifoni zao za 250 na 600 haina shida. Kwa ya 32 umerudi pale pale. Stereo mpya nazo ni bahati nasibu, zingine zina chipu yake safi nyuma ya tundu, zingine bado ni rezista tu, na kitabu hakisemi.

Ukiinunua, iunganishe vizuri. Nimeona watu wengi wakitoa waya kwa tundu la PHONES la stereo wakaingiza kwa amplifaya mpya, alafu wanashangaa bado iko na mvumo. Nyuma ya stereo kuna TAPE OUT au REC OUT, hapo ndio unatoa, umeme haujapita kwa amplifaya ya spika wala vinobu vya besi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila fundi kutoka hapa Nakuru hadi Kisumu na Busia ajue, kwa sababu linamaliza ubishi wote na linahitaji multimita ya kawaida na rezista ya om 33. Cheza toni ya hezi 100 au 200 kutoka kwa simu, programu za toni ziko bure. Weka multimita kwa volti za AC, pima kwa tundu la hedifoni bila kuchomeka chochote kingine, zungusha sauti mpaka isome volti 1. Usiguse tena kinobu. Weka rezista ya 33 kati ya upande mmoja na grandi, ile ncha ya pamoja ya kurudisha umeme, pima tena. Ikishuka hadi 0.09, om za tundu ni 330. Ikibaki 0.97, ni om 1. Hesabu ni kugawanya volti ya kwanza kwa ya pili, unatoa 1, unazidisha na 33. Basi. Ni kazi ya dakika chache, na ukimaliza hakuna mtu wa kukuambia hadithi, si muuzaji wala mzee wa stereo.

Na ukipata ni 330 na hedifoni yako ni ya 32, bado huna haja ya kukimbia dukani. Mwambie fundi akuchomelee rezista ya om 10 kila upande, kati ya upande huo na grandi, baada ya zile 330 za mashine. Anaweza kuzificha hata ndani ya kiungio kidogo cha waya ili asiguse mashine yako. Tundu sasa linaonekana kwa hedifoni kama la om karibu 10, zile desibeli 5 za besi ya ziada zinashuka hadi 1, na sauti inapungua kiasi kwamba kinobu unakizungusha hadi katikati ambapo kushoto na kulia zinalingana. Kwa stereo ya wati 50 bado unabaki na karibu nusu volti, miliwati 6 hivi kwa hedifoni ya om 32, na hio inatosha hedifoni nyingi za aina hio. Rezista mbili! Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda dukani. Najua mafundi wengine hawatalipenda hili, lakini yule atakayelifanya vizuri atapata wateja wa kudumu.

Kuna moja la hatari na hapa naomba mhariri usikate. Wengi nyumbani wanatumia redio ya gari na pawa ya volti 12, ama zile bodi ndogo za amplifaya zenye chipu ya TPA3116 ambazo zimejaa kila mahali, na hizo hazina tundu la hedifoni. Sasa mtu anamwambia fundi amtolee tundu kutoka kwa waya za spika. Hedifoni ina ncha tatu, kushoto, kulia na grandi moja ya pamoja, kwa hivyo fundi anaunganisha zile hasi mbili za spika pamoja ndio apate grandi. Kwa stereo ya zamani mara nyingi hasi ni grandi kweli. Kwa redio ya gari na kwa hizo bodi hasi si grandi hata kidogo, pande zote mbili za spika zinasukuma, kila waya imekaa na nusu ya volti za pawa, kwa redio ya gari ni kama volti 6, na ukiunganisha hasi za pande mbili umezigonganisha amplifaya mbili uso kwa uso. Chipu inaungua, na ukikosea kidogo zile volti zinaingia kwa koili ya hedifoni. Nimeona bodi zilizokufa hivyo zikiwa kwa meza ya fundi na mwenyewe akiambiwa ni stima ilizidi. Kwa mashine za aina hii, tafadhali, toa sauti kabla ya amplifaya, kutoka kwa simu yenyewe au kwa RCA, yale matundu ya duara ya kutoa sauti, nyuma ya redio, na hapo ndio amplifaya ndogo ya hedifoni ina kazi yake halali.

Masikio pia. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndio mwisho wa usalama, na kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako kwa hatari ya kuharibu masikio kwa kuskiza vibaya. Amplifaya ya kisasa ya wati 1 kwa om 32, ukiichomekea hedifoni ya sikioni inayotoa desibeli 100 kwa miliwati 1, inaweza kufika 130. Muuzaji anayemwambia kijana "hii ina pawa" amwambie na hilo.

Ombi langu kwa wenye maduka ni dogo. Andikeni kwa kibandiko cha bei om za hedifoni, na kwa amplifaya andikeni om za kutokea, na mteja akija na hedifoni yake mruhusuni aiskize kwa stereo ya zamani na kwa hio mpya, wimbo ule ule, sauti imelinganishwa, kwa sababu inayopiga kwa nguvu zaidi kidogo huonekana nzuri zaidi hata kama sio. Kama hamna om zake kwa karatasi, pimeni, njia nimeisema hapo juu.

Na kwako mhariri, ukurasa wa teknolojia wa gazeti lako unaandika sana juu ya simu mpya, ni sawa, lakini kuna nyumba nyingi sana kutoka Nakuru kwenda Kericho, Kisumu, Kakamega hadi Bungoma zenye stereo za zamani ambazo bado zinapiga, na hakuna anayeandikia wenyewe kwa Kiswahili. Naomba wasomaji wanaojua kupima watume jina la stereo yao, modeli na om walizozipata kwa tundu, mzichapishe kidogo kidogo kwa ukurasa wa barua, ndio mtu akienda kununua hedifoni awe na pa kuangalia kwanza.

Msomaji wenu,
Section 58, Nakuru